Umoja wa madevelopa huru ni nini na nguvu yake inatoka wapi

Umoja wa madevelopa huru ni pale watu wanaotengeneza programu kivyao, bila kuajiriwa, wanapoamua kusimama kama kundi mbele ya makampuni makubwa yanayomiliki maduka ya apu, mifumo ya simu na klaudi (kompyuta za kukodi kupitia mtandao). Wengi wakisikia hivi wanawaza chama cha wafanyakazi, migomo na mabango, lakini huku mambo ni tofauti kabisa na nadhani kutoelewa hiyo tofauti ndo kunawafanya watu wakate tamaa mapema.

Mwajiriwa akigoma, kazi ya bosi inalala. Developa huru akigoma maana yake anatoa apu yake dukani, na duka lenyewe lina apu zaidi ya milioni moja, nani atashtuka? Halafu kuna sheria. Anayejitegemea anahesabiwa kama biashara, kwa hiyo nchi nyingi madevelopa wakikaa na kukubaliana bei inaweza kuonekana ni njama ya kuua ushindani, yaani sheria ileile iliyotungwa kuwabana wakubwa inageuka kuwabana wadogo. Umoja wa Ulaya ulilegeza kidogo Septemba 2022, ukatoa mwongozo unaoruhusu watu wanaofanya kazi peke yao kujadiliana kwa pamoja kuhusu mazingira ya kazi zao, ila sehemu nyingine bado ni pagumu.

Sasa wanapigania nini hasa? Chukua duka la apu la Apple lililofunguliwa 2008. Makato ya kawaida yalikuwa asilimia 30, ukiuza apu kwa dola 10 unabaki na 7, na hapo umeshalipa dola 99 za mwaka ili tu uruhusiwe kuiweka. Mimi lakini naona makato sio ndo baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mwenye soko naye ana meza yake humohumo, anaona nini kinatoka sana na kesho anakiuza yeye. Mwaka 2002 Apple ilitoa Sherlock 3, programu yake ya kutafuta vitu kwenye kompyuta na mtandaoni, iliyokuwa inafanya mengi yaleyale ya Watson, programu ya kampuni ndogo tu, na mpaka leo madevelopa wakiona kitu chao kimemezwa na mfumo wanalitaja hilo jina Sherlock.

Kelele za pamoja zinasaidia, tusizidharau. Mei 2018 madevelopa walianzisha kikundi wakakiita The Developers Union, dai lao la kwanza lilikuwa moja tu, watu waweze kujaribu apu bure kabla ya kununua, na mwezi uliofuata Apple ikabadilisha mwongozo wake ikaruhusu majaribio hayo kwa njia fulani. Halafu 2020 presha ikawa kubwa, kesi mahakamani, wabunge wanauliza maswali, na mwishoni mwa mwaka Apple ikatangaza asilimia 15 kwa wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, Google nayo ikafuata 2021. Ila ukiangalia vizuri, hayo yote ni mwenye duka kaamua kulegeza, funguo bado anazo yeye.

Ndo maana naamini nguvu ya kweli iko kwenye msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayounda programu, na leseni yake, yaani masharti ya kuutumia. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp walibadilisha leseni ya Terraform, programu ya kuandaa seva na mitambo ya klaudi ambayo watu wengi walikuwa wamechangia ikiwa huria (yeyote anaweza kuuona, kuutumia na kuubadilisha msimbo wake), wakaweka masharti ya kuzuia washindani. Watumiaji na kampuni ndogondogo hawakuishia kulalamika, walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa chini ya leseni ya zamani wakauendeleza wenyewe, Septemba ukawa chini ya Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi huria, kwa jina la OpenTofu na Januari 2024 toleo la kutumika kazini likatoka. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu kwa sababu leseni ya zamani ilishawapa haki hiyo na haiwezi kurudishwa nyuma.

Kwa hiyo kabla hujachangia mradi wowote soma mkataba wa wachangiaji. Kama unasema kampuni moja ina haki ya kutoa mchango wako kwa leseni yoyote itakayotaka, basi siku ikiamka na wazo jipya itabadilisha bila kukuuliza, na HashiCorp walikuwa na mkataba wa namna hiyo. Linux, mfumo endeshi huria, kwenye kiini chake haiko hivyo, kila mchangiaji anabaki na hakimiliki ya alichoandika, wako maelfu, na anayetaka kubadilisha leseni inabidi awapate hao wote wakubali, kitu ambacho hata kampuni yenye hela kiasi gani haiwezi kukinunua kirahisi.