Waridi la kunusa, waridi la kutazama, waridi lisilougua

Mteja akifika kitaluni kwangu hapa Arusha, jambo la kwanza ni kuinama anuse. Akikuta ua jekundu zuri halina harufu, ananitazama kana kwamba nimemuuzia plastiki. Simlaumu. Mawaridi mengi tunayoyaona mjini ni yale yanayolimwa kwa ajili ya kusafirishwa Ulaya, na hayo yalichaguliwa yawe na kikonyo kirefu, yasichubuke kwenye boksi na yadumu mezani. Harufu hakuna aliyeiulizia.

Rangi na harufu havifuatani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha aina mbili nyekundu, Papa Meilland inayonukia sana na Rouge Meilland ambayo karibu hainukii. Tofauti waliikuta kwenye kimeng'enya kiitwacho NUDX1, ambacho husaidia petali kutengeneza jeranioli, mojawapo ya vitu vinavyolipatia waridi harufu yake. Kwa Rouge Meilland jeni lake karibu halikuwa likifanya kazi. Kwa hiyo jicho halikusaidii kitu. Inama unuse, tena asubuhi, kabla jua halijakausha mafuta ya ua.

Papa Meilland, iliyotoka mwaka 1963, ina wekundu unaokaribia weusi, na petali zake ukizigusa ni mahameli. Ila huugua ovyo. Ndiyo maana mtu akitaka wekundu wa kunukia ninampa Mister Lincoln, ya Marekani, ya miaka ya 1960 pia. Inarefuka mno, wakati mwingine inampita mwenye nyumba, lakini harufu yake nzito unaikuta kabla hujaufikia mti.

Sasa ugumu. Vitabu vya Ulaya vikisema mwaridi ni mgumu, vinazungumzia baridi ya kuua shina. Huku kwetu anayeua ni ukungu, na ukungu wenyewe ni wa namna mbili zenye tabia tofauti kabisa. Madoa meusi yanataka jani lililolowa kwa saa saba hivi mfululizo, basi masika ni sherehe yao. Geuza jani la chini ulitazame: doa lina kingo zilizochanika-chanika, pembeni yake jani linageuka njano, kisha linadondoka lenyewe. Ubwiri unga hauna haja ya jani kulowa. Huo unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu, na unaanzia kwenye machipukizi, yanakunjamana na kuvaa unga mweupe. Anayemwagilia majani jioni analisha ukungu. Maji yaende kwenye shina, tena asubuhi.

Wapenzi wa njano wana tatizo la kurithi. Njano kali iliingia kwenye mawaridi makubwa ya bustani kupitia mzalishaji Joseph Pernet-Ducher wa Lyon, Ufaransa, aliyetoa Soleil d'Or mwaka 1900 baada ya kuchanganya na waridi la njano la Uajemi. Rangi ikaja, na udhaifu wa madoa meusi ukaja nayo. Njano na machungwa nyingi za leo zina damu hiyo. Hata Peace, ile ya krimu yenye pindo la pinki iliyopata jina lake mwaka 1945 vita vikiisha Ulaya, masika inavuliwa majani. Ninaiuza, kwa sababu ua lake ni kubwa na halina mfano, ila mnunuzi namwambia kabisa awe na dawa ya ukungu nyumbani.

Asiyetaka kazi achukue Iceberg, nyeupe, ya mzalishaji Kordes wa Ujerumani, ya mwaka 1958. Harufu yake ni hafifu, lakini nyanda za juu inachanua karibu mwaka mzima, ukiikata inarudi kwa kishindo. Knock Out ya mwaka 2000 inavumilia madoa meusi kuishinda, ila kunukia haimo. Mimi binafsi naiona ni ua la kuzungushia ukuta wa benki.

Wa Pwani huniuliza waridi la marashi. Waridi la marashi ya Oman hupandwa Jabal Akhdar, milimani, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na huchanua mara moja tu kwa mwaka, kati ya Machi na Mei. Linataka ubaridi wa usiku, kwa hiyo Tanga au Kisauni litakupa majani tu. Kwa joto hilo jaribuni Old Blush, waridi la kale la Kichina, la pinki. Maua yake ni madogo, lakini halichoki kuchanua.

Na popote utakaponunua, uliza jina la aina kabla ya bei. Kisha chungulia chini ya mche, pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la waridi jingine: chipukizi linalotoka chini ya kovu likatwe mapema, maana ni la shina lililobeba, na baada ya msimu mmoja litakuwa limeula ule mwaridi ulioulipia.