Kutoa jina la faili kwa rejeksi: uliza kwanza lisichoweza kubeba

Anayesafisha data hukutana na mistari kama hii kila wiki:

/data/ripoti/mapato.2024.pdf
https://example.com/picha/mlima.jpg?rudi=/mwanzo.html

Kinachotakiwa ni jina la faili tu. Ruwaza ya rejeksi (regular expression, yaani alama za kueleza umbo la matini unayoitafuta) ninayoiona mara nyingi ninapokagua msimbo wa wenzangu ni hii:

.*/(.*)\..*

Kwenye mstari wa kwanza inatoa `mapato.2024`, na kila mtu anaridhika. Kwenye wa pili inatoa `mwanzo`. Hakuna kosa linaloonyeshwa, programu inaendelea na kazi, na jina lisilo lake linaingia kwenye jedwali. Sababu ni kwamba `.*` (herufi yoyote, mara zozote) ni mroho: humeza kila kitu hadi mkwaju (`/`) wa mwisho kabisa, bila kujua kwamba mkwaju huo uko baada ya alama ya kuuliza, mahali ambapo njia ya faili ilishakwisha.

Mimi huanzia upande wa pili. Siulizi jina linafananaje; nauliza ni herufi gani haiwezi kuwamo ndani yake. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux, jibu ni fupi ajabu: mkwaju na baiti ya sifuri, basi. Nafasi, alama ya kuuliza, hata mstari mpya, vyote vinaruhusiwa. Kwa hiyo ruwaza ni:

[^/]+$

Yaani herufi zozote zisizo mkwaju, mpaka mwisho. Kwenye njia za Windows andika `[^\\/]+$`, kwa kuwa huko mikwaju yote miwili hutenganisha folda. Usiitumie hiyo ya pili kila mahali kwa kujihami, maana kwenye Unix mkwaju wa nyuma ni herufi halali ndani ya jina.

Jambo moja hapa huwaponyoka hata wazoefu. Nukta kwa kawaida hailingani na mstari mpya, lakini `[^/]` inalingana nao. Ukisoma orodha mstari kwa mstari bila kukata mwisho wake, jina litatoka na mstari mpya umeng'ang'ania mkiani.

Anwani za wavuti zina sheria zake. Waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005, unaoweka kanuni za muundo wa anwani hizo, unaruhusu `/` na `?` ndani ya vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza, na pia ndani ya sehemu inayofuata `#`. Mfano wangu wa `rudi=/mwanzo.html` basi si uchafu, ni anwani halali kabisa. Waraka huohuo, katika kiambatisho B, unatoa rejeksi ya kuigawa anwani:

^(([^:/?#]+):)?(//([^/?#]*))?([^?#]*)(\?([^#]*))?(#(.*))?

Njia iko kwenye kundi la 5, yaani kile kinachonaswa na mabano ya tano. Ukiitazama vizuri utaona imejengwa karibu yote kwa mabano ya ukanushaji. Ninapotaka jina moja kwa moja, naandika:

^https?://[^/?#]+/(?:[^/?#]*/)*([^/?#]*)

Sehemu ya `[^/?#]+/` baada ya `//` ipo kwa sababu maalumu. Bila hiyo, `https://example.com` isiyo na njia yoyote ingekupa `example.com` kama jina la faili, nalo linafanana na faili hasa, nukta na yote. Kundi la mwisho lina kinyota (hata herufi sifuri) badala ya alama ya kujumlisha (walau moja) ili anwani inayoishia na mkwaju, kama `/picha/`, irudishe kundi tupu. Afadhali utupu kuliko kupewa folda ukadhani ni faili.

Kiendelezi, kama `.pdf`, ni kazi ya hatua ya pili, juu ya jina lililokwisha kutolewa:

^(.+?)(\.tar\.[^.]+|\.[^.]+)?$

Alama ya kujumlisha inahitaji walau herufi moja kabla ya kiendelezi, hivyo `.bashrc` inabaki nzima. `kumbukumbu.tar.gz` inagawanyika ulivyotarajia, na `mapato.2024.pdf` haipotezi mwaka wake.

Halafu kuna `%20` (nafasi inavyoandikwa ndani ya anwani) na ndugu zake. Fumbua alama hizo baada ya kutoa jina, kamwe si kabla. `%2F` ni mkwaju uliofichwa kwa makusudi ili usihesabiwe kama kitenganishi; ukiufumbua mapema, ruwaza itakata jina katikati.

Ndani ya programu ya Python situmii lolote kati ya haya nikiweza kuepuka, kwa kuwa maktaba yake ina zana tayari: `urlsplit` hunipa njia ya anwani, `PurePosixPath(...).name` hunipa jina. Hata hapo kuna la kuangalia, kwa sababu `.name` hupuuza mkwaju wa mwisho, na `/picha/` hurudi kama `picha`. Rejeksi naibakizia mahali pasipo na maktaba, kama vile kutafuta na kubadilisha ndani ya kihariri cha matini, au orodha ya njia za faili ninayotaka kuipitia sasa hivi kwenye terminali, nitoe majina na kuyahesabu:

grep -oE '[^/]+$' orodha.txt | sort | uniq -c