“Mimi sina mtu” na dhana nyingine zinazowachelewesha wanaotafuta kazi mtandaoni

Sentensi hii naisikia karibu kila siku ya kazi, na wiki iliyopita niliisikia mara tatu kabla ya saa sita mchana: “Siku hizi kazi ni koneksheni, na mimi sina mtu.” Aliyeisema mara ya tatu ana miaka sita ya uzoefu wa stoo, amepita katika kampuni mbili, na kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ameunganishwa na watu zaidi ya mia nne. Nikamwomba afungue simu tuipitie orodha hiyo pamoja. Katika watu kumi wa mwanzo, wanne wako katika idara ileile anayoitamani. Hajawahi kumwandikia hata mmoja wao.

Kwa hiyo naanza na hilo, na nitakaa hapo muda mrefu.

Dhana: Koneksheni ni mjomba aliye ofisini. Usipokuwa naye, mtandao hautakusaidia.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliokuwa wamebadilisha kazi muda si mrefu katika kitongoji cha Boston. Waliopata kazi kupitia mtu aliwauliza swali dogo: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja. Waliobaki, asilimia 27.8, walimwona mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Mara nyingi alikuwa mtu waliyesoma naye zamani, au bosi wa kazi ya nyuma, ambaye walikuwa karibu wamemsahau.

Hao walikuwa watu 54 tu. Lakini mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika ndani ya LinkedIn kwa miaka mitano, yakihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20. Mfumo unaokupendekezea watu unaoweza kuwa unawafahamu ulirekebishwa, wengine wakaletewa zaidi watu wa karibu, wengine watu wa mbali. Waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa umbali wa kati: mna marafiki kadhaa wa pamoja, ila hamzungumzi mara kwa mara.

Sababu yake hata haihitaji profesa. Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku mnateka maji kisima kimoja. Tangazo alilolipata yeye umeshaliona, kwa sababu mko kundi moja la WhatsApp. Mtu mliyeachana miaka minne iliyopita ameingia kwenye vikao usivyovijua, na anasikia nafasi zikizungumzwa kabla hazijaandikwa popote.

Msiruke upande wa pili pia. Utafiti huohuo haukusema kwamba kadiri mtu alivyo mgeni ndivyo atakavyokufaa zaidi, na katika sekta zisizotumia sana teknolojia ya kidijitali, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Kwa hiyo kumwandikia mkurugenzi wa kampuni kubwa asiyejua hata mtu mmoja unayemjua wewe ni kununua bahati nasibu. Anza na uliosoma nao, msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, wenzako wa kazi ya kwanza, mteja aliyekuwa akikusifu, dereva wa msambazaji ambaye sasa ni afisa ununuzi. Orodhesha watu thelathini. Sijawahi kukutana na mtu aliyeshindwa kuwafikisha, ingawa wengi hubisha mpaka wafike wa kumi na mbili.

Tatizo halisi linaanzia kwenye ujumbe wenyewe. Huu hapa nimeusoma kwa namna mia: “Habari, naomba koneksheni ya kazi yoyote, nitashukuru sana.”

Neno linaloua hapo ni “yoyote”. Najua limeandikwa kwa unyenyekevu, na najua njaa ya kazi ikoje. Lakini jiweke kwenye nafasi ya anayesoma. Yoyote ni ipi? Udereva? Uhasibu? Hana pa kukuweka kichwani, kwa hiyo nafasi ikitokea wiki ijayo hatakukumbuka. Tena umemwomba kitu ambacho huenda hana mamlaka ya kukitoa, umemwachia njia mbili tu, kukukatalia au kunyamaza, na watu waungwana hunyamaza. Kisha wewe unakuja kwangu kusema watu wana roho mbaya.

Mwombe anachoweza kukupa kwa dakika mbili: habari. Yule wa stoo tuliandika naye hivi, kwa mmoja wa wale wanne:

“Habari za siku nyingi, dada. Tulikuwa wote mafunzoni, mimi ndiye niliyekuwa naandika orodha ya mzigo unaoingia. Naona sasa uko kwenye ununuzi, na mimi nataka kuelekea huko. Kabla sijaanza kutuma maombi, ni programu gani ya hesabu za stoo mnaitumia zaidi, ili niijifunze kwanza?”

Amemkumbusha walipojuana, amesema anakoelekea, ameuliza swali lenye jibu. Kazi hajaiomba popote, ila aliyesoma amejua kwamba anaitafuta, na ya aina gani. Dada huyo alijibu jioni ileile, akaongeza mwenyewe kwamba bosi wake huchukua watu mwanzoni mwa robo ya mwaka. Hilo halikuulizwa.

Akishakujibu, shukuru, kafanye alichokwambia, kisha mrudie baada ya wiki mbili umweleze kilichotokea. Hapa ndipo karibu wote huishia njiani. Wanapata jibu, wanapotea, halafu wanaibuka miezi mitano baadaye na CV. Anayerudi na habari ndiye anayekumbukwa, na katika kampuni nyingi mfanyakazi aliyemleta mtu akaajiriwa hulipwa bonasi, kwa hiyo usijione mzigo.

Dhana: Roboti limeikataa CV yangu.

Kuna takwimu inayozunguka kwamba asilimia 75 ya CV hutupwa na kompyuta kabla binadamu hajaziona. Kila anayeniletea namwuliza imetoka utafiti gani, na bado nasubiri jibu.

Programu za kupokea maombi kazi yake kubwa ni kuhifadhi: zinasoma CV, zinaigawa kwenye visanduku (jina, elimu, uzoefu), na kumwezesha mwajiri kutafuta kwa maneno. Baadhi hupanga waombaji kwa kulinganisha na tangazo. Kinachokutoa moja kwa moja mara nyingi ni maswali ya mchujo: una leseni, una kibali cha kufanya kazi, una miaka mitatu ya uzoefu? Ukijibu hapana kwenye sharti la lazima, umejitoa mwenyewe.

Kilicho kweli ni kwamba programu inaweza kuisoma vibaya CV yenye safu mbili, majedwali, au namba ya simu iliyofichwa kwenye kichwa cha ukurasa. CV iliyopigwa picha ndiyo mbaya kuliko zote. Jipime: fungua faili lako, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye faili tupu lisilo na mapambo. Utakachoona hapo ndicho programu inachokiona, au karibu na hicho. Nimeona watu wakinyamaza ghafla baada ya jaribio hilo.

Na tafadhali acheni ule ujanja wa kujaza maneno ya tangazo kwenye CV kwa wino mweupe, ili programu iyasome na binadamu asiyaone. Programu inapoigeuza CV kuwa maandishi matupu, wino mweupe unaonekana kama mwingine.

Dhana: Nikiandika “natafuta kazi” chini ya jina, waajiri watanipata.

Mwajiri anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: mhasibu, kodi, Excel. Hakuna anayetafuta “mpambanaji anayetafuta fursa”. LinkedIn inakupa herufi 220 chini ya jina lako, ziweke cheo na ujuzi kama vinavyoandikwa kwenye matangazo. Kuhusu lile duara la kijani la kuonyesha kuwa uko tayari kwa kazi, sina ugomvi nalo, ila jua kuwa kuna mpangilio mwingine unaoonyesha hilo kwa waajiri tu. Kama bado umeajiriwa, tumia huo, ukikumbuka kwamba LinkedIn yenyewe inasema inajaribu kuwaficha hilo waajiri wa kampuni yako lakini haitoi dhamana.

Dhana: Nikituma maombi mia kwa wiki, mojawapo litanasa.

Maombi mia kwa wiki maana yake ni CV moja iliyotumwa mara mia. Tuma manane yaliyosomwa vizuri. Tangazo ukiliona kwenye tovuti inayokusanya kazi kutoka kwingine, nenda kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe, kwa sababu nakala hizo hubaki hewani hata nafasi ikishafungwa. Kwenye Google, andika site: na anwani ya tovuti ya mwajiri bila kuacha nafasi katikati, kisha cheo unachotaka ndani ya alama za kunukuu. Utapata kurasa za tovuti hiyo pekee zenye maneno hayo.

Dhana: Ada ndogo ya usajili ni kawaida, ni kuonyesha kwamba uko makini.

Hapana. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaohusu wakala binafsi wa ajira, unasema wakala hawamtozi mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa mzunguko, isipokuwa pale nchi iliporuhusu kwa makundi maalumu. Anayekuomba pesa ya fomu, ya kipimo cha afya au ya “kuharakisha faili” kabla hujasailiwa, mwambie akate ada hiyo kwenye mshahara wako wa kwanza. Hatajibu tena.