"Dokta, Mbona Mbuzi Hajafa?" Dhana Potofu Kuhusu Dawa ya Ukungu

Upandaji ukiisha huku Tabora, kuanzia Uyui hadi Urambo, naulizwa swali lile lile, na anayeuliza huwa ameshawalisha mifugo. Amebakiwa na kilo mbili tatu za mbegu ya mahindi ya dukani, ile iliyopakwa rangi ya waridi au kijani. Kaiosha mpaka ikarudi weupe wake, kaianika, kawapa mbuzi na kuku. Siku tatu zimepita. "Dokta, mbona hawajafa? Si ina maana sumu imetoka?" Nikichelewa kujibu, mahindi hayo yanaingia kwenye chungu cha makande.

Haijatoka. Rangi ile si dawa. Imewekwa ili hata asiyejua kusoma atambue kuwa mbegu imepakwa dawa ya ukungu, na mara nyingi ya wadudu pia. Ukiiosha umefuta onyo, na sehemu ya dawa imebaki kwenye punje.

Jambo hili limeshaua watu. Mwishoni mwa mwaka 1971 wakulima wa Iraki waligawiwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Wapo walioosha rangi nyekundu wakaamini sumu imekwenda na maji. Wapo waliowajaribia kuku kwa siku chache, wakaona wazima, wakaoka mikate. Dalili zilikuja baada ya wiki kadhaa: ganzi, kuyumba, upofu. Hospitali zililaza watu 6,530, na 459 kati yao wakafa. Kipimo chao kilikuwa hiki hiki cha mbuzi wako. Zebaki haipakwi tena kwenye mbegu, lakini kumtazama mnyama siku tatu hakujawa kipimo cha sumu inayofanya kazi polepole.

Mfano ninaoukuta mwenyewe ni kondoo. Dawa nyingi za ukungu za nyanya na miembe zina shaba, na mrututu ni shaba vilevile. Kondoo haitoi shaba mwilini kwa wepesi kama mbuzi. Ini lake huilimbikiza. Atakula majani yaliyopuliziwa kwa wiki au miezi, amenona, hana dalili. Kisha apate msukosuko, safari ya mnadani au njaa ya kiangazi, na ini liiachie shaba yote kwenye damu kwa mkupuo. Chembe nyekundu hupasuka, ufizi unakuwa wa manjano, mkojo mwekundu mweusi, na ndani ya siku moja au mbili amekufa. Mwenye kondoo anakuja kwangu kutaka sindano ya ugonjwa wa kupe kwa sababu kaona mkojo umebadilika. Nikimuuliza kondoo walikuwa wakilishwa wapi, anajibu, "Pale kwenye nyanya, lakini ile ni dawa ya ukungu tu."

Hiyo "tu" ndiyo inayonichosha. Watu wanaogopa dawa ya wadudu na kuichezea ya ukungu, eti lebo yake ina mstari wa kijani. Mstari huo unaeleza hatari ya kuimeza au kuigusa kwa mara moja, basi. Mankozebu, dawa ya ukungu inayopuliziwa sana kwenye nyanya na vitalu vya tumbaku, ni ya kijani kwa haki: kwa panya wa maabara dozi ya kuua inazidi miligramu 5,000 kwa kilo ya uzito. Lakini ikivunjika hutoa kemikali iitwayo ETU, na panya waliolishwa ETU kwa muda mrefu walivimba tezi ya shingo na kupata uvimbe wa saratani. Wenye mimba walizaa watoto wenye kasoro. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha mankozebu mwaka 2020. Mama mjamzito hapaswi kuichanganya wala kubeba bomba la kupulizia.

Wapo wanaosema kuchemsha nyanya kunamaliza dawa. Hapana: joto huigeuza sehemu ya mankozebu kuwa hiyo ETU. Osha nyanya vizuri, na zaidi ya hapo subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma.

Wapo pia wanaosema kunywa maziwa kunaondoa sumu. Hayaiondoi, na sumu nyingine hupita humo humo kwenye maziwa. Nchini Uturuki, kati ya 1955 na 1959, watu walikula ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu iitwayo heksaklorobenzini, na watoto wachanga wakafa kwa kunyonya maziwa ya mama zao.

Na aliyepulizia thiramu, dawa nyingine ya ukungu, au kushika mbegu iliyopakwa hiyo, akaenda kunywa komoni jioni, akawaka uso, kichwa kikamuuma na moyo ukamwenda mbio, hajalogwa. Thiramu huuzuia mwili kumalizia kazi ya kuvunja pombe.

Ushauri wangu ni ule ule: pima shamba kwa kamba kabla ya kwenda duka la pembejeo. Ekari moja ya mahindi hutaka kilo 8 hadi 10 za mbegu. Ikibaki, mpe jirani ambaye bado anapanda, ikiwa ndani ya mfuko wake. Bomba usilioshee lamboni ambako ng'ombe hunywa. Na ukinileta kwa mnyama aliyeanguka, niwekee kando pakiti ya dawa iliyotumika, hata kama ni tupu.