Dawa imetolewa jikoni ikafungiwa kabatini

Ukiingia makumbusho ya historia mengi ya Pwani ya Afrika Mashariki utakuta mpangilio ule ule. Chumba kimoja ni cha maisha ya kila siku: mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, kifumbu, kitanda cha kamba, mikeka. Pembeni, kwenye kabati la kioo, pameandikwa "Tiba za Asili", na humo mna mizizi iliyokauka, vibuyu, hirizi za ngozi na pembe ya kupigia chuku, yaani kumfyonza mgonjwa damu. Mgeni hukipita kinu bila kusimama, akaganda mbele ya hirizi, akapiga picha, kisha akatoka akiamini kwamba watu wa zamani wakiugua walikuwa wakimkimbilia mganga mwenye vibuyu, basi.

Kazi yangu ni kuandaa maonyesho ya namna hii, na mpangilio huo umenichosha. Katika nyumba za miji ya Waswahili, sehemu kubwa ya tiba ilikuwa mikononi mwa wanawake, na vyombo vyake vilikuwa vile vile vya kupikia, kuogea na kulalia. Mganga na tabibu walikuwepo, na walilipwa. Lakini kabla mgonjwa hajafikishwa kwao alikuwa ameshakandwa, ameshafukizwa, ameshanyweshwa na ameshapakwa. Kabati la "Tiba za Asili" linaanza kusimulia hadithi ikiwa imefika katikati.

Mfano ninaoupenda uko Lamu, katika ile nyumba ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya imeitengeneza iwe nyumba ya kuonyesha maisha ya Kiswahili. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana. Unaingia dakani (kibaraza cha mlangoni), unapita tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), unafika kiwandani (uani), kisha misana miwili, vyumba virefu, inafuatana, na kila hatua inakupeleka ndani zaidi, mbali na macho ya watu wa nje. Wageni wengi huvutiwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa ukutani na kupangwa vyombo vya kauri. Mimi huwapeleka chooni kwanza.

Chooni kuna birika lililojengwa kwa mawe, la kuhifadhia maji ya kuogea na kutawadhia. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, kumepachikwa bakuli la kauri. Birika linapokaushwa lisafishwe, maji kidogo hubaki bakulini, na samaki wadogo wanaofugwa humo hukusanyika hapo wasife. Kazi ya samaki hao ni kula viluwiluwi vya mbu. Sasa niambieni: hicho ni chombo cha maisha ya kila siku au ni chombo cha tiba?

Hapa inabidi mwandishi wa kadi ya maelezo ajizuie. Inavutia sana kuandika kwamba Waswahili walijua siri ya malaria kabla ya wanasayansi. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897, akiwa Secunderabad nchini India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Aliyejenga birika Lamu miaka mia moja kabla yake hakuhitaji habari hiyo. Alitaka maji masafi ya kutawadhia na usingizi usio na mbu. Faida ya kiafya ilikuwepo hata kama haikuwa na nadharia, na hilo latosha kuandikwa bila kulipamba. Kadi hiyo hiyo ingetaja pia nani aliyelijaza birika. Katika nyumba za waungwana maji yalitekwa na watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Pwani ya Kenya mwaka 1907. Nyumba za makumbusho hupenda tuone usafi wa bwana na kukaa kimya juu ya mgongo uliobeba mtungi.

Nyuma ya chumba kiitwacho ndani, kinachofuata misana, kuna chumba kidogo, nyumba ya kati. Humo ndimo mwanamke alimojifungulia, na humo ndimo maiti alimooshewa. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu na miji jirani, alitoa hoja kwamba hata zidaka na kauri zake hazikuwa mapambo tu: zilikuwa kinga, kwa sababu ziliwekwa karibu na mahali pa uzazi na mauti, ambapo husuda na uchafu wa kiroho vilihofiwa zaidi. Unaweza kubishana naye kiasi gani cha kinga na kiasi gani cha fahari ya tajiri. Nadhani vyote viwili vilikaa pamoja bila taabu. Ila ukishasikia hoja yake huwezi tena kuitazama sahani ya Kichina ukutani kama sahani tu.

Kinachokosekana katika chumba hicho, na katika karibu kila makumbusho ninayoyajua, ni zile siku arobaini za mzazi. Hakuna kipindi katika maisha ya nyumba ya Pwani kilichojaa tiba kuliko hicho. Mkunga au bibi humkanda mzazi kwa maji ya moto. Tumbo hufungwa mkaja. Uji hutiwa pilipili manga, na mchuzi wa pweza hupikwa ili maziwa yatoke. Nguo na mwili hufukizwa udi na ubani. Mtoto hupakwa liwa, unga wa mti wa kunukia, huchuliwa viungo, hunyweshwa maji ya kisibiti tumbo likijaa gesi, na kitambaa cheusi chenye mvuje, utomvu mkavu wa harufu kali, hufungwa mkononi au shingoni, kuzuia jicho baya. Mvuje huo huo, kwa kiasi kidogo sana, ni dawa ya tumbo na ni kiungo cha mboga. Utauweka kabati gani?

Mkaja unastahili sanduku lake la kioo. Ni kipande cha nguo, hakina nakshi, na ndiyo maana hakuna mkusanyaji aliyekitamani. Lakini binti wa Pwani anapoposwa, katika yanayodaiwa na upande wa mke mara nyingi mna mkaja wa mama, malipo kwa aliyejifunga kitambaa hicho alipomzaa bibi harusi. Deni la uzazi linakumbukwa hadi siku ya ndoa. Nikipewa nafasi moja tu katika ukumbi, ningetoa pembe ya chuku nikaweka mkaja.

Vitu hivi havikuota uani vyote. Chukua kikapu cha dawa cha nyumba ya kawaida ya mjini ukifuatilie: ubani ulitoka Somalia na kusini mwa Arabuni, mvuje uliteremka kutoka nchi za Uajemi na Afghanistan kupitia bandari za India, mdalasini na hiliki vilivuka bahari. Karafuu, ambayo leo tunaiona ya kwetu kabisa na kuitia kwenye jino linalouma, asili yake ni visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja na Pemba kwa wingi karne ya 19. Ndiyo maana neno "asili" juu ya kabati huniudhi kidogo. Kikapu hicho ni historia ya pepo za kaskazi na kusi kuliko ramani nyingi za majahazi zilizotundikwa ukutani. Kinahitaji mizani ya muuza dawa kando yake, na zile bahasha za karatasi zilizokunjwa pembe tatu.

Nilipokuwa nikipanga mitungi ya viungo katika onyesho moja, bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake alisimama mbele ya mdalasini uliokuwa chini ya kichwa "Dawa". Akaniambia, "Mwanangu, huu si dawa, huu ni wa chai." Akatafakari kidogo. "Ila chai yenyewe ndiyo dawa." Sikupata maelezo bora zaidi, na mdalasini tukauhamishia jikoni, karibu na meko.

Dini nayo ina kabati lake, na hapo mgawanyo unazidi kuharibu mambo. Sahani nyeupe ya kombe ni mfano. Aya huandikwa juu yake kwa zafarani na marashi ya waridi, huoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Asubuhi inayofuata sahani hiyo inaweza kuandaliwa chakula. Nimeiona imewekwa upande wa dini, nimeiona upande wa tiba, na nyingine bila shaka ziko ghalani zimeandikwa "sahani". Inafaa pia kadi iseme wazi kwamba mambo haya yamebishaniwa na Waislamu wenyewe: wapo masheikh wanaoruhusu kombe na kukataza hirizi, wapo wanaokataza vyote. Ubishi huo ni sehemu ya historia, na mgeni wa Pwani akikuta haumo atajua mara moja kwamba onyesho limeandikiwa watalii.

Huko Gedi, karibu na Malindi, mabaki ya mji yanaonyesha jinsi mambo haya yalivyo ya kale. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Nyumba zake zina visima, mashimo ya choo na mahali pa kujitawazia, yaani mpango wa usafi uliofikiriwa kabla mawe hayajapangwa. Na karibu na milango yalikutwa mafingo, vyungu vilivyozikwa ardhini ili vikalishe jini wa kulinda nyumba. Mhandisi wa leo angesifu choo na kucheka chungu. Aliyejenga aliviweka vyote kwa lengo moja, kwamba madhara yasiwaingilie wa nyumbani. Nyumba za Gedi zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama taa ya chuma na mkasi, na hilo napenda, kwa sababu linaanzia kwenye kitu cha mtu wa kawaida.

Unguja kuna ushahidi wa aina nyingine. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipoushambulia mji, daktari James Christie alikuwa akifanya kazi hapo, na mwaka 1876 alichapisha kitabu kuhusu milipuko hiyo. Alifuatilia ugonjwa ulivyopita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ukavuka bahari. Ili aeleze njia hiyo alilazimika kuandika juu ya biashara, misafara na desturi za watu, hivi kwamba ripoti ya ugonjwa ikawa pia picha ya jinsi watu walivyoishi. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Bomba hilo halimo katika kabati lolote la tiba, ingawa sidhani kuna mzizi uliowafaa watu wa Mji Mkongwe kuliko hilo.

Na lipo lile jengo la ufukweni lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, ambalo watu bado wanaliita Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili, alianza kulijenga mwaka 1887 liwe hospitali, kwa heshima ya miaka 50 ya Malkia Victoria katika ufalme. Alifariki 1891, jengo likakamilika 1894, na baada ya kuuzwa mwaka 1900 likawa na zahanati chini na makazi juu. Miaka ya 1990 lilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Wapiga picha huangalia nakshi. Mimi hufikiria harufu ya dawa iliyopanda ngazi, ikakutana na ya vitunguu vinavyokaangwa juu.

Sitaki mtu adhani natetea kila kilichofanywa na bibi zetu. Wanja wa madini ya risasi uliopakwa watoto machoni ni sumu, na kadi iseme hivyo kwa maneno mafupi. Wanawake wengi walikufa katika hicho chumba cha nyumba ya kati ambacho sasa kinapendeza kwa mwanga wa taa za maonyesho. Onyesho linaloficha vifo hivyo ili kuipa heshima mila limeivunjia heshima.

Kitu ambacho bado nakipigania katika onyesho jipya ni kidogo na hakina gharama: konzi ya punje nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazotumika kufungia mizigo isivunjike. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti walizimwaga punje hizo katika mashimo ya vyoo. Zilielea zikafunika maji, mbu wanaoeneza matende na mabusha wakashindwa kuzaliana humo, na pamoja na dawa walizopewa wanakijiji maambukizi yakashuka sana. Nataka punje hizo ziwekwe kando ya birika la Lamu, kwenye meza moja, na kadi moja. Wenzangu wanasema zikae upande wa "Afya ya Kisasa". Tunaendelea kujadiliana.

Wakati huo huo, kama nyumbani kwenu au kwa jirani bado kuna birika lenye bakuli chini, niandikieni: kina chake, bakuli ni la rangi gani, samaki walitoka wapi na waliitwaje. Picha ikipatikana, piga kabla birika halijapakwa saruji.