Biashara ya manyoya ya baharini: maana yake kupitia safari ya George Dixon

Biashara ya manyoya ya baharini ni ile ya kununua ngozi za fisi maji wa baharini katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika na kwenda kuziuza Kanton, China, kwa merikebu. Waingereza waliiingia miaka ya 1780, Warusi wakiwa wameshatangulia. Isichanganywe na biashara ya manyoya ya bara, iliyopita mitoni na misituni kwa mitumbwi.

Fisi maji huyu hana tabaka la mafuta kama nyangumi. Kinachomkinga na baridi ni manyoya yake, na hakuna mnyama mwenye manyoya yaliyosongamana kuliko yeye. Ndiyo yaliyomponza. Mwaka 1778 mabaharia wa James Cook, mpelelezi Mwingereza, walizipata ngozi hizo Nootka Sound, ghuba ya pwani hiyo, kwa kubadilishana na vikorokoro. Walipofika Kanton, wakalipwa bei ambayo hawakuiota, hata nusura waasi wakitaka warudishwe kuchukua nyingine.

George Dixon alikuwamo katika safari hiyo kama fundi wa silaha. Mwaka 1785 wafanyabiashara wa London walimkabidhi merikebu Queen Charlotte, akaondoka pamoja na Nathaniel Portlock, nahodha wa merikebu King George. Vibali vilihitajika viwili: cha Kampuni ya Bahari ya Kusini kwa ajili ya pwani ile, na cha Kampuni ya Uhindi ya Mashariki kwa ajili ya China. Wakati wa kurudi, merikebu zilibeba chai. Ngozi, fedha, chai: huo ndio mzunguko wenyewe.

Kazi ilikuwa ya hatari. Masika ya 1787 waliikuta merikebu ya John Meares imekwama kwenye barafu huko Prince William Sound, Alaska, mabaharia 23 wakiwa wamekufa, wengi wao kwa kiseyeye.

Julai mwaka huohuo Dixon akafika kwa Wahaida, wenyeji wa pwani hiyo. Mitumbwi iliizunguka merikebu, watu wakagombania kuuza, wengine wakivua majoho ya manyoya waliyovaa na kuyarusha juu. Kwa nusu saa tu alipata ngozi kama 300. Ghuba ile akaiita Cloak Bay, yaani Ghuba ya Majoho. Malipo makubwa yalikuwa vyuma vya tezo, na Wahaida, mafundi wa kuchonga mitumbwi, walijua thamani yake. Kwa hiyo tusidhani manahodha ndio waliowinda. Wawindaji walikuwa wenyeji, na bila wao pasingekuwa na biashara.

Dixon alipoizunguka nchi ile kwa upande wa kusini akatambua kuwa ni visiwa, akavipa jina la merikebu yake. Wengi humwita mvumbuzi wa visiwa hivyo. Mimi sikubali: Mhispania Juan Pérez aliviona mwaka 1774, na Wahaida walikuwa wakiishi humo kwa maelfu ya miaka. Alichofanya Dixon ni kuchora ramani wakati akitafuta ngozi, na hiyo ni kazi kubwa inayostahili sifa yake.

Fisi maji waliwindwa mpaka wakabaki takriban 2,000, ndipo mkataba wa 1911 ukawalinda. Mwaka 2010 visiwa vilirudishiwa rasmi jina la wenyewe, Haida Gwaii. Mlangobahari ulio kaskazini yake bado unaitwa Dixon Entrance.