Walker: jina la fundi aliyekanyaga nguo

Kwenye chupa ya wiski ya Johnnie Walker kuna bwana mwenye kofia ndefu na bakora mkononi, anakwenda kwa hatua kubwa kubwa. Mchoraji Tom Browne alimchora mwaka 1908, na tangu hapo picha hiyo imesaidia sana kueneza kosa. Mtu akijua kwamba "walk" kwa Kiingereza ni kutembea, basi Walker humwona kuwa mtembezi, mwenda kwa miguu, pengine msafiri. Tukimtazama mwanasoka Kyle Walker akikimbia ubavuni mwa uwanja, au tukisikia kwamba ile W katikati ya jina la George W. Bush ni Walker, tafsiri hiyohiyo hutujia kichwani.

Walker hakuwa mtembezi. Alikuwa fundi wa nguo za sufu, na kazi yake ilikuwa kuzikanyaga.

Ili kuielewa kazi hiyo, fikiria sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu. Linarudi. Lililomtosha baba sasa linamkaa mtoto, na kitambaa kimekuwa kizito, kigumu, nyuzi hazionekani tena moja moja. Kwetu hiyo ni hasara. Kwa Waingereza wa zama za kati, ndiyo waliyoitaka. Sufu ilipotoka kwenye kitanda cha mfumi ilikuwa imelegea, ina matundu, tena imejaa mafuta, ya kondoo mwenyewe na yale yaliyopakwa wakati wa kusokota. Upepo ulipenya, mvua ilipenya. Kitambaa hicho hakikufaa kushonwa koti.

Basi kilipelekwa kwa fundi. Alikitia kwenye hori lenye maji, akaongeza udongo maalumu unaonyonya mafuta, au mkojo uliowekwa siku nyingi hadi ukawa mkali. Mkojo uliovunda hutoa amonia, na amonia huondoa grisi. Warumi walikuwa wakiukusanya kwa kazi hiyohiyo karne nyingi kabla. Kisha fundi akapandisha nguo zake juu ya magoti, akaingia, akaanza kukanyaga. Alikanyaga kwa saa nyingi. Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na ukilowa, ukapata joto na kusukwasukwa, magamba hayo hushikana yasiachiane. Kitambaa kilinywea, kikawa kinene, kikaziba. Baada ya hapo kilioshwa, kikawambwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu, kikauke kimenyooka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokwama, na sababu si uhaba wa maneno. Mwambao wetu ulikuwa na wafumaji hodari, Mogadishu, Pate na Kilwa, lakini walifuma pamba, na pamba haina magamba ya kushikana. Hakukuwa na haja ya fundi wa kukanyaga. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walikutana na fundi huyu katika Marko sura ya 9, pale mavazi ya Yesu yanapong'aa kwa weupe usio wa kawaida, wakamwita dobi, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwita "fuller". Dobi ni jirani yake wa karibu, lakini dobi hukurudishia nguo ileile uliyompa, ila safi. Fundi wa sufu alipokea kitambaa ambacho kazi yake bado haijaisha, akakitoa kikiwa kitu kingine.

Sasa neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "wealcan", maana yake kubingirisha, kurusha huku na huku, kama mawimbi yanavyofanya. Mwenye kukibingirisha na kukikanyaga kitambaa akaitwa "wealcere". Kitenzi hicho kikaendelea na safari yake: kutoka kubingirika kikafikia kuzungukazunguka, na kutoka kuzungukazunguka, kufikia karne ya 13, kikawa kutembea. Ile maana ya kwanza ilisahaulika katika maneno ya kila siku, ikabaki ndani ya jina la watu. Kijerumani kiliihifadhi: mpaka leo "walken" kwa Wajerumani ni kuifanyia sufu kazi hiyo, nao wanao akina Walker wao, waliolipata jina lao nyumbani kwao wala si kwa Waingereza.

Kinachonivutia zaidi katika habari hii ni kwamba kazi hii moja iliacha majina matatu, na kila jina lina nchi yake. Kusini-mashariki mwa Uingereza na upande wa East Anglia fundi aliitwa Fuller, kutokana na neno la Kilatini "fullo". Kusini-magharibi, katika Devon, Somerset na Cornwall, aliitwa Tucker, kutokana na kitenzi cha kale kilichomaanisha kutesa, na kwa kweli kitambaa kiliteswa. Kaskazini na magharibi ya kati, hasa Yorkshire na Lancashire, mpaka Uskoti, aliitwa Walker. Ukiweka majina hayo matatu juu ya ramani unapata lahaja za zama za kati zikiwa bado zimesimama, ingawa wenye kuzizungumza wamekwisha zikwa miaka 700 iliyopita. Katika mji wa Exeter, Devon, jumba la chama cha wafumaji na mafundi hawa lililojengwa mwaka 1471 bado lipo, na linaitwa Tuckers Hall. Lingejengwa Leeds, lingeitwa jina jingine. Wales nako walikuwa na neno lao, "pandy", yaani kinu cha kukanyagia sufu, na hilo ndilo limo ndani ya jina la mji wa Tonypandy.

Nimetaja kinu. Katika karne ya 12 mashine ilikuwa tayari imeanza kuchukua nafasi ya miguu. Gurudumu la maji liliinua nyundo nzito za mbao na kuziachia zianguke juu ya kitambaa, na nyundo hazichoki. Kumbukumbu za mwaka 1185 za mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji waliomiliki ardhi nyingi, zinataja vinu vya namna hiyo Uingereza, kimoja Yorkshire na kingine Gloucestershire. Vikaenea kando ya mito yenye kasi. Kwa hiyo wengi walioandikwa Walker katika karne ya 13 na ya 14 huenda hawakuwahi kutia mguu ndani ya hori, walisimamia nyundo. Jina liliendelea kutaja miguu.

Katika visiwa vya magharibi ya Uskoti, ambako vinu havikufika vijijini, kazi ilibaki ya mikono hadi karne ya 20, nayo ilikuwa ya wanawake. Walikaa kuzunguka ubao mrefu, kitambaa kilicholowa kikipitishwa na kugongwa kwa mpigo mmoja, huku mmoja akiimba na wengine wakiitikia. Yeyote aliyewahi kusikia kina mama wakitwanga kwa zamu huku wakiimba ataijua sauti hiyo bila kuelezwa.

Jina la kazi liligeukaje kuwa jina la ukoo? Waingereza wa kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka nchi, kwa kawaida walikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua na kodi zikaanza kuandikwa, akina John na William wakazidi, karani akahitaji alama. Akaandika John mwana wa William, John wa kilimani, John mwekundu, John mkanyaga nguo. Nyaraka za karne ya 13 zina watu walioandikwa "le Walkere", na kile kiambishi "le" kinaonyesha kuwa hapo bado ni maelezo ya mtu. Mtoto wa huyo John angeweza kuwa mwokaji mikate na akaitwa Baker. Ilipofika mwaka 1400 hivi, koo nyingi za Uingereza zilikuwa zimeacha kubadili, na mwokaji mikate akaweza kuitwa Walker kwa sababu tu babu yake alikanyaga sufu. Amri ya mwaka 1538, iliyotaka kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, ilikaza fundo hilo.

Sisi wengi tuko kwenye utaratibu mwingine. Juma Hamisi akimzaa Salum, mtoto ni Salum Juma, na Hamisi anarudi nyuma hatua moja kila kizazi. Lakini jina la kazi lililoganda tunalo pia. Masharifu wa ukoo wa al-Haddad, ambao uradi wa babu yao husomwa mwambao mzima, wanabeba neno la Kiarabu lenye maana ya mhunzi. Ni sawasawa na Smith.

Si kila Walker, hata hivyo, anatoka kwa mkanyaga nguo wa Kiingereza. Newcastle kuna mtaa uitwao Walker, na jina lake linatokana na maneno mawili yanayomaanisha kinamasi cha kando ya ukuta, ule ukuta uliojengwa na Warumi chini ya mfalme Hadrian. Baadhi ya watu huenda waliitwa kwa mahali hapo. Uskoti kulikuwa na koo za Kigaeli zilizoitwa Mac an Fhùcadair, yaani mwana wa mkanyaga nguo, ambazo baadaye zililitafsiri jina lao likawa Walker. Na Wajerumani waliohamia Marekani wakiwa na Walker wao hawakuhitaji kubadili hata herufi.

Hii ndiyo sababu Walker wawili wakikutana hawana haki ya kuitana ndugu mpaka wapate ushahidi. Kila kijiji chenye kondoo na mto kilikuwa na fundi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walilinganisha kromosomu Y, ile ambayo mwana huirithi kwa baba yake, za wanaume wenye majina ya Kiingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wenye majina adimu kama Attenborough walikuwa na babu mmoja kwa sehemu kubwa; wenye majina yaliyotapakaa kama Smith walikuwa karibu sawa na watu wowote waliookotwa njiani. Walker ni jina la kundi la akina Smith.

Leo Walker yumo katika majina 20 yanayoongoza kwa wingi Uingereza, na Uskoti pia yumo mstari wa mbele. Amewapita mbali Fuller na Tucker, ingawa wote watatu walifanya kazi moja. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni jiografia. Eneo la Walker lilikuwa pana tangu mwanzo, kisha miji yake ya sufu, Leeds, Bradford, Halifax na Huddersfield, ikafurika watu wakati wa mapinduzi ya viwanda. Kutoka huko na Uskoti jina likapanda meli kwenda Australia, New Zealand, Kanada na Amerika. Huyo John Walker wa kwenye chupa alikuwa Mskoti, mwenye duka la vyakula aliloanzisha mwaka 1820 katika mji wa Kilmarnock, ambao wenyewe ulisifika kwa kofia za sufu.

Marekani, sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu zaidi ya 520,000 wenye jina hili. Karibu theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi, kiwango kikubwa kuliko sehemu yao katika taifa. Utumwa ndio uliofanya hivyo. Watu walinyang'anywa majina yao, na uhuru ulipokuja mwaka 1865 wengine waliandikwa kwa jina la bwana wa zamani, wengine wakachagua jingine kwa sababu walizozijua wenyewe. Karibiani ni hadithi hiyohiyo. Ndiyo maana nasita mtu anapoona kuwa Kyle Walker amezaliwa Sheffield, kusini mwa Yorkshire, akahitimisha kwamba jina lake limetoka kwenye vinu vya sufu vya hapo. Upande wa baba yake una asili ya Jamaika.

Wanawake wawili mashuhuri wa jina hili walilipata kwa ndoa, maana desturi ya Kiingereza humpa mke jina la mume, tofauti na mwambao ambako mke hubaki na jina la baba yake. Sarah Breedlove, aliyezaliwa mwaka 1867 Louisiana na wazazi waliokuwa wametoka tu utumwani, aliolewa na Charles Joseph Walker, akajenga biashara kubwa ya mafuta ya nywele kwa jina la Madam C. J. Walker. Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia, alianzisha benki mwaka 1903, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufanya hivyo.

Lakini Walker ninayemkumbuka kuliko wote ni wa zamani zaidi. Mwaka 1781, huko Massachusetts, kijana aliyekuwa mtumwa alimkimbia bwana wake, akapigwa, kisha shauri likafika mahakamani. Kesi ziliendelea hadi mwaka 1783, na jaji mkuu William Cushing akawaambia wazee wa baraza kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo lao. Mabwana zake walikuwa wameitwa Caldwell na Jennison, si Walker. Yeye aliitwa Quock Walker. Quock ni Kwaku, jina ambalo Waakan wa Ghana humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Jumatano.